Bia Nyeusi ya Nyumbani: Mtama Safi, Joto Jema na Moyo wa Kumwaga

Katika nyumba nyingi za Bujumbura, kuanzia kambi za askari hadi vichochoro vya Kamenge, Kinama na Musaga, swali hili husikika hasa mshahara unapokaribia kwisha: je, mtu aweza kujipikia nyumbani bia nyeusi kama ile inayotoka kiwandani? Askari aliyewahi kwenda mafunzoni Ulaya huikumbuka bia ya rangi ya kahawa, yenye povu zito na ladha ya mkate uliokaangwa. Aliyebaki nchini naye hukumbuka kwamba Brarudi, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1955 wakati mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, kimewahi kutoa Amstel yenye rangi iliyokoza kando ya Primus na Amstel ya kawaida. Yeyote kati yao aweza kumwambia mkewe, "Mama watoto, kumbe nasi tungejaribu."

Jibu lina sehemu mbili. Bia nyeusi ya aina ya laga, kama wanavyoitengeneza Wajerumani, ni kazi ngumu mno kwa nyumba ya kawaida iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, na sababu zake zitaelezwa. Lakini bia nyeusi ya mtama, ndugu wa ile impeke ambayo Warundi wameipika kwa vizazi vingi, yawezekana kabisa, tena kwa vyombo vilivyomo jikoni. Linalotakiwa ni ujuzi wa mambo machache, usafi usio na mzaha, na ujasiri wa kumwaga pombe yenye shaka. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana limepata kugharimu maisha ya watu.

LAGA NI BIA YA BARIDI

Neno laga limetoka katika lugha ya Kijerumani, na maana yake ni kuweka ghalani. Wapishi wa Bavaria walizoea kulaza bia yao katika mapango na maghala ya chini ya ardhi yenye baridi kwa majuma mengi. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria alipiga marufuku kupika bia wakati wa joto. Kazi iliruhusiwa tu kuanzia mwisho wa Septemba hadi Aprili 23, kwa kuwa bia ya kiangazi iliharibika upesi. Katika baridi ile kukajichagua chachu ya namna yake, ambayo hufanya kazi polepole na kutulia chini ya pipa. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen alifaulu kuitenga chachu hiyo peke yake, safi, katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg mjini Copenhagen. Tangu hapo viwanda vya dunia nzima vikaweza kupika bia ya namna moja siku zote.

Chachu hiyo hupenda joto la nyuzi 8 hadi 13 za sentigredi kwa juma moja au mawili. Baada ya hapo bia hulazwa kwenye baridi ya karibu nyuzi 0 hadi 4 kwa mwezi mzima au zaidi. Sasa mtazame Bujumbura. Mji umelala kwenye mwinuko wa mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, mchana joto hufika nyuzi 28 au 30, na hata usiku ni nadra kushuka sana chini ya 18. Maji ya ziwa lenyewe ni ya uvuguvugu. Chachu ya laga ikitiwa katika joto hilo hufanya kazi mbiombio, na bia hutoka na harufu za ajabu na ladha isiyo laini.

Anayemiliki jokofu aweza kusema kwamba lake litatosha. Pengine litatosha, kama yu tayari kulifunga kwa majuma sita bila samaki, bila maziwa ya watoto na bila dawa ya mgonjwa, na kama umeme hautakatika. Tena atahitaji kimea cha shayiri na maua ya hopu, vitu ambavyo kiwanda huviagiza kutoka ng'ambo na ambavyo havipatikani sokoni. Kwa familia nyingi hesabu hiyo haikubali. Mtama, kwa upande wake, unapatikana, na chachu inayopenda joto la Bujumbura inauzwa katika kila duka la mwoka mikate.

WEUSI WATOKA WAPI

Wengi hudhani kwamba bia nyeusi ni kali kuliko bia nyeupe. Hilo si kweli. Weusi haupimi kileo, bali hutokana na namna nafaka ilivyokaushwa na kukaangwa. Zamani, bia nyingi za Ulaya zilikuwa za rangi ya giza kwa sababu kimea kilikaushwa juu ya moto wa kuni. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma lizungukalo juu ya moto, mfano wa lile la kukaangia kahawa. Kwa pipa hilo wapishi waliweza kutengeneza kimea cheusi kabisa, na sehemu ndogo tu ikatosha kutia rangi pipa zima.

Mama wa Burundi ameijua siri hiyo kwa njia yake. Katika kupika urwarwa, pombe ya ndizi, wengi hutia unga wa mtama uliokaangwa. Mtama mwekundu nao una rangi yake ya asili, ndiyo maana impeke huwa ya kahawia hata isipokaangwa. Kwa hiyo anayetaka bia nyeusi hana haja ya kuhangaika kutafuta vitu vya kigeni, kwani kikaango na moto mdogo humtosha.

Heshima ya mtama katika nchi hii ni ya kale. Enzi za wafalme, Umuganuro ilikuwa sherehe kubwa ya kufungua majira ya kupanda mtama, na Mwami mwenyewe ndiye aliyeiongoza. Ufalme ulikoma Novemba 1966, lakini mtungi wa pombe ya mtama umebaki katika posa, harusi na matanga. Hata kiwanda kimekiri thamani yake: katika miaka ya 2010 Brarudi ilitoa bia iitwayo Nyongera, iliyotengenezwa kwa mtama wa nchini.

KUCHAGUA MTAMA

Hapa ndipo uhai wa wanywaji unapoamuliwa, kabla hata moto haujawashwa. Mtama wa pombe uwe mkavu, mzima, usio na harufu ya uvundo wala madoa ya ukungu. Mtama ulionyeshewa ghalani, au ulioanza kuwa na rangi ya kijani au nyeusi isiyo yake, usitumike kwa pombe, kwa uji wala kwa kulishia kuku. Wako wasemao kwamba moto huua kila kitu. Kauli hiyo ni ya hatari, kwa maana sumu nyingi za ukungu haziondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, mahindi yenye ukungu yaliua watu 125, na mahindi hayo yalikuwa yamepikwa kama kawaida.

Mfano ulio karibu zaidi na mtungi wa pombe ulitokea Msumbiji mwezi Januari 2015, mahali paitwapo Chitima, mkoa wa Tete. Watu walitoka mazishini wakanywa pombe ya kienyeji. Watu 75 walifariki, na wengine wengi wakaugua. Mpishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa. Uvumi ukaenea upesi kwamba kuna aliyetia nyongo ya mamba mtungini, na uvumi wa namna hiyo, kama kila polisi ajuavyo, huweza kuzaa kisasi na damu nyingine. Lakini uchunguzi wa maabara haukumwona mamba wala mchawi. Ulionyesha sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria waliozaliana katika unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kumshtua mtu, na haifi kwa kuchemshwa. Ingezuilika kwa jambo moja tu, yaani kuutupa ule unga.

Kadhalika mbegu za kupandia zilizotiwa dawa, ambazo aghalabu hupakwa rangi nyekundu au ya waridi ili zitambulike, zisiingie jikoni kamwe, hata zikioshwa mara kumi.

KUTENGENEZA KIMEA

Kwa dumu moja la lita 20 huhitajika kilo 5 za mtama mwekundu. Kilo 3 ni za kimea, na kilo 2 zitasagwa kuwa unga wa kawaida. Zile kilo 3 huoshwa mpaka maji yawe meupe, kisha hulowekwa usiku kucha. Wazee wengi hutia jivu safi la kuni katika maji ya kuloweka, na desturi hiyo ina maana, kwani jivu hupunguza ule ukakasi wa mtama mwekundu unaokaza ulimi. Asubuhi mtama huoshwa tena hadi jivu lote litoke.

Kisha hutandazwa juu ya gunia safi au majani ya mgomba, usizidi unene wa vidole viwili, na kufunikwa. Hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni na kugeuzwa ili usipate moto ndani yake. Kwa joto la Bujumbura, siku ya tatu mizizi huwa imefikia urefu wa kama sentimita moja au mbili. Hapo huanikwa juani siku mbili, kwa kutandazwa sana, mpaka punje ivunjike kwa jino kwa mlio. Ikionekana ukungu wakati wa kuotesha, kazi yote huanza upya kwa mtama mwingine.

Yapo ambayo bibi zetu walifanya pasipo kuelezwa sababu, nayo ni kusugua kimea kikavu kwa viganja na kupepeta ili mizizi na machipukizi yatoke. Sababu ni kwamba chipukizi la mtama lina kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi, ile ile iliyomo katika mihogo michungu. Kuondoa machipukizi huipunguza sana, na kuchemsha bila mfuniko huiondosha zaidi. Mabaki hayo ya machipukizi yasimwagwe mbele ya mbuzi.

Kimea hicho kikisha safishwa, toa gramu 300 na ukikaange peke yake kwenye kikaango kikavu, kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha kwa muda wa nusu saa au zaidi, mpaka rangi iwe ya kahawa. Kikifikia weusi wa makaa na kutoa moshi mchungu, kimeungua, nacho kitaipa bia ladha ya jivu. Kilichobaki, usikikaange. Hapa ndipo wengi hukosea wakitaka weusi zaidi. Ndani ya kimea kibichi mna vimeng'enya, yaani vitu vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na moto mkali huviua. Anayekaanga kimea chote hupata uji mweusi usio na sukari, na chachu haina cha kula.

KUPIKA NA KUPIMA JOTO

Wanga wa mtama ni mgumu. Hauanzi kulainika mpaka joto lifike nyuzi 70 hivi, na joto hilo tayari ni kali kwa vimeng'enya vya kimea. Hilo ndilo fumbo la pombe ya mtama, nalo lilifumbuliwa zamani na akina mama wasiokuwa na kipimajoto: pika uji kwanza, kisha utie kimea ukishapoa kiasi.

Ule unga wa kilo 2 usiooteshwa hukorogwa na kupikwa katika lita 10 za maji kwa nusu saa, mpaka uwe uji mzito. Kando, kimea kibichi kilichosagwa hukorogwa katika lita 8 za maji ya kawaida yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa. Uji ukingali unatokota huepuliwa, na ule mchanganyiko wa kimea humiminwa ndani yake polepole huku ukikorogwa. Vipimo hivyo vimepangwa kwa hesabu. Hapa Bujumbura maji hutokota kwenye nyuzi 97 hivi, na maji ya mtungini huwa na 25. Vikichanganyika kwa kiasi hicho hutulia kati ya nyuzi 60 na 65, joto ambalo vimeng'enya hulipenda. Anayeishi Bugarama au Mugamba, ambako maji ni ya baridi zaidi na hutokota mapema zaidi, na apunguze maji ya baridi kidogo.

Sufuria hufunikwa, huviringishwa blanketi kuukuu na kuachwa kwa saa mbili. Hapo mpishi ataona jambo la kupendeza: uji uliokuwa mzito kama wa mgonjwa utageuka mwepesi kama maji, nao utakuwa mtamu bila kutiwa sukari. Anayetaka uhakika achote kijiko kimoja pembeni, kikipoa atie tone la ayodini ya kusafishia vidonda, ambayo kila askari anaifahamu. Rangi ikigeuka buluu nyeusi, wanga bado haujaisha, na sufuria isubiri zaidi. Ikibaki ya manjano au kahawia, kazi imekwisha. Kijiko hicho kimwagwe, kisirudishwe sufuriani.

Katika hatua hii kinywaji bado hakina kileo. Kikichemshwa na kupozwa ni togwa tamu, inayowafaa watoto, mama mjamzito, na jirani wa Buyenzi ambaye dini yake haimruhusu kunywa pombe. Ni adabu njema kumtengea kila mmoja wao sehemu yake hapa, kabla ya kutiwa chachu.

Sehemu iliyobaki hutiwa unga wa kile kimea kilichokaangwa, na yote huchemshwa tena kwa saa moja bila mfuniko. Kwa kuchemsha huku bakteria wa kuchachusha hufa. Katika impeke ya kawaida bakteria hao huachwa wafanye kazi pamoja na chachu, nao ndio huipa ule uchachu wake, jambo ambalo si kosa. Lakini anayetaka ladha iliyo karibu na bia ya kiwandani hana budi kuwaondoa. Kisha yote huchujwa kwa kitambaa safi kilichochemshwa, na hutiwa katika chombo cha kuchachushia kingali na moto mwingi, iwapo chombo chenyewe chaweza kuustahimili.

VYOMBO

Chombo kizuri ni mtungi wa udongo uliosafishwa vema, sufuria kubwa isiyo na kutu, au dumu la plastiki lililokuwa na mafuta ya kula au maji. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mimea, mafuta ya gari au rangi halisafishiki. Plastiki hunywa sumu, na pombe huitoa tena. Vyombo vya bati lenye zinki pia visitumike, kwa sababu uchachu huyeyusha zinki na kumtapisha mnywaji. Mapipa ya chuma tupu nayo yana madhara ya polepole: kusini mwa Afrika waganga walikuta wanywaji wengi wa pombe iliyopikiwa ndani ya vyombo vya chuma wakiwa wameharibika maini kwa wingi wa madini hayo mwilini.

Dumu huoshwa kwa sabuni, kisha hujazwa maji yenye javeli, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 10, kwa muda wa dakika kumi, na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Maji ya bomba au ya mto yasiyochemshwa yasiguse pombe iliyokwisha pikwa. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Bujumbura Januari 2023 ulikumbusha wote kwamba maji ya mji si ya kuaminiwa kwa macho.

KUCHACHUSHA KATIKA JOTO LA BUJUMBURA

Sufuria au dumu likiguswa kwa nje lisihisiwe moto tena, ndipo chachu hutiwa. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa hamira kavu ya mkate hukorogwa katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, huachwa robo saa hadi itoe povu, na humiminwa ndani. Hamira isiyotoa povu imekufa na itupwe. Kutumia machicha ya pombe ya jirani ni desturi ya kale, lakini anayepokea machicha hupokea pia uchafu wa jirani.

Chachu ikila sukari hutoa kileo na hewa ya kaboni. Hewa hiyo sharti ipate njia. Mfuniko wa dumu hutobolewa tundu dogo, mpira mwembamba hupitishwa, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa ya maji. Hewa hutoka ikibubujika, nzi na vumbi visiingie. Dumu huwekwa mahali pa giza, ndani ya beseni la maji, na kuzungushiwa kitambaa kinachogusa maji hayo. Maji yanapopanda kitambaani na kukauka, hupoza dumu kwa nyuzi kadhaa, kama vile mtungi wa maji ya kunywa unavyojipoza wenyewe. Hicho ndicho kighala cha maskini, nacho huipa bia ladha laini zaidi.

Siku ya kwanza mabubujiko huwa ya haraka, na siku ya tatu au ya nne hupungua. Chachu hutulia chini, na bia juu huonekana ya kahawia nzito. Kileo chake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 2 na 5, kwa kadiri kimea kilivyofaulu. Huchotwa taratibu pasipo kuvuruga machicha, na hunywewa ndani ya siku mbili au tatu. Haina maisha marefu kama ya chupa ya kiwandani.

Onyo moja la lazima. Bia ambayo haijamaliza kuchachuka isifungwe katika chupa ya kioo. Hewa hujikusanya ndani mpaka chupa ipasuke, na vipande vyake huruka kwa nguvu ya kutoboa jicho la mtoto aliye chumbani. Anayetaka povu na atumie chupa ya plastiki ya soda, aiache saa chache, na kuibonyeza mara kwa mara. Ikiwa ngumu kabisa, ifunguliwe kidogo ipumue.

KUNYWA KWA ADABU

Kunywa kwa mirija mirefu katika mtungi mmoja ni alama ya udugu. Udugu huo hauharibiki kila mtu akiwa na mrija wake mwenyewe, au akichotewa katika kikombe chake. Magonjwa ya mate na ya tumbo hayaheshimu urafiki.

Askari na polisi wana sheria ya ziada. Atakayeshika silaha, usukani au zamu hanywi kabla ya kazi, hata kama bia ni yake na ameipika mkewe. Bia ya mtama hudanganya kwa sababu ni nzito kama chakula. Mtu hushiba nayo akadhani hajalewa.

Tena pombe iliyochachushwa isichanganywe na ile iliyokenekwa. Kanyanga imekatazwa na serikali, na sababu yake si ushuru tu. Pombe ya nafaka iliyochachushwa vema haina methanoli ya kudhuru, lakini katika pombe kali za magendo wauzaji wasio na huruma hutia spiriti ya viwandani ili ziwe na nguvu. Mei 2014 nchini Kenya, katika kaunti kadhaa zikiwamo Embu na Kiambu, pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 60 kwa siku chache, na wengine wakapofuka. Anayeona ukungu machoni, kichwa kikimgonga na tumbo likimsokota baada ya kunywa pombe yoyote, asilazwe nyumbani "apumzike". Apelekwe hospitali saa ile ile, na chupa au mtungi wa pombe uhifadhiwe ili waganga wajue alichokunywa.

MOYO WA KUMWAGA

Baada ya yote hayo imebaki hatua isiyofundishwa katika mapishi. Siku ya nne mpishi hufungua dumu, huinusa bia na kuitazama. Bia njema hunukia mkate, mtama na uchachu mwepesi. Ikiwa juu kuna utando wenye manyoya ya kijani au meusi, au harufu ni ya uvundo, au mpishi akikumbuka kwamba katika gunia la mtama palikuwa na konzi moja aliyoitilia shaka akanyamaza, basi bia hiyo ni ya kumwagwa shimoni, isiwe ya wageni wala ya nguruwe. Wala asiionje kwanza ili kuhakikisha. Pale Chitima hakuna aliyetambua kwa ulimi.

Ni rahisi kusema, lakini ni vigumu kutenda. Mtama umenunuliwa kwa fedha, makaa ya siku mbili yamekwisha, na wageni wa posa wamekwisha alikwa. Mama aweza kuogopa kumwambia mumewe kwamba lita 18 zimekwenda na maji. Kwa hiyo mzigo huu ni wa bwana wa nyumba pia. Mume anayegomba kwa sababu ya bia iliyomwagwa humfundisha mkewe kunyamaza mara nyingine, na mara hiyo nyingine ndiyo itakayofika matanga. Mume mwenye busara husema mapema, mtama ungali sokoni, "Mama, ukiwa na shaka nayo, imwage, wala usiniulize." Maneno hayo yasemwe kabla ya kuwasha moto, nayo yahesabiwe kuwa sehemu ya mapishi kama vile kimea na maji.